Chumba cha sherehe ndogo mgahawani: anza na masikio, rangi baadaye

Mkuu, umeuliza mambo matatu: ile stoo yako ya mita 4 kwa 6 uipake rangi gani ikiwa chumba cha VIP, ukutani uweke karatasi za kubandika au jipsamu yenye maua, na utoze kiasi gani kwa shughuli za watu 20. Nimesimamia shughuli kwenye migahawa ya Dar na baadaye Unguja, na ningekushauri rangi uiache hadi mwisho kabisa.

Tuanze na wateja. Chumba cha namna hiyo mjini kwetu hakilishwi na bethidei. Kinalishwa na vikao vya kamati za harusi. Wanakuja wikiendi baada ya wikiendi, katibu anafungua daftari na kusoma kwa sauti: fulani aliahidi laki mbili, ametoa elfu hamsini, mjomba wa bwana harusi hapokei simu. Wengine ni washenga waliokuja kupatana mahari, au viongozi wa Saccos wanaojadili kama mhasibu abaki au aende. Halafu kuna kichen pati, ambako somo anamfunda mwari mambo ambayo hayafai kufika meza ya jirani wanakokula watoto chipsi. Hawa wote wanalipia kitu kimoja, kutosikika. Kuna mgahawa mmoja bosi alimwaga pesa kwenye taa ya vioo ya kuning'inia, lakini meza ya nje ilikuwa inajua idadi ya ng'ombe wa mahari kabla ya mama wa binti. Ile familia haikurudi.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende ukutani, na namaanisha ndani ya ukuta. Mafundi wengi wanapandisha kizigeu cha jipsamu mpaka kwenye dari ya jipsamu na kuishia hapo. Sauti inapanda, inapita juu ya dari, inashukia upande wa pili kama hakuna kitu. Mwambie fundi kizigeu kipande mpaka kwenye zege au chini ya bati, bodi ziwe mbili kila upande na maungio yake yasilingane, katikati ajaze ile pamba ya mawe ya kuzuia sauti. Kama una nafasi ya kujenga tofali na kupiga plasta pande zote, jenga, uachane na jipsamu. Mlango uwe wa mbao nzito, wala usinunue ile milango myepesi iliyo wazi ndani, na chini uwekewe mpira wa kuziba mwanya. Ukuta wa kukunja unaosogezwa ili chumba kiungane na ukumbi unapendeza kwenye picha, ila ule wa bei tunayoimudu hauzuii sauti hata kidogo. Na spika ya mgahawa isifungwe kwenye ukuta mnaochangia na chumba hicho.

Ndani ya chumba kuna tatizo jingine, mwangwi. Marumaru chini, jipsamu juu, kioo dirishani: watu kumi wakianza kuongea kila mmoja anapandisha sauti ili asikike, na baada ya nusu saa wote wanapiga kelele. Mapazia mazito yanayofika sakafuni, viti vyenye mito, na ukuta mmoja wenye kitambaa chenye sponji nyuma yake vinasaidia sana. Jipsamu ya maua haisaidii. Inakusanya vumbi tu.

Sasa hesabu ya watu 20. Kila mlaji anahitaji ukingo wa meza kama sentimita 60. Meza ya upana wa mita 1 ikikaa katikati ya chumba chako, kila upande inabaki mita 1.5, kiti chenye mtu kinakula kama 60, mhudumu anabakiwa na 90 za kupita na sinia. Hapo sawa. Kwa urefu, watu saba kila upande ni mita 4.2, na nafasi inayobaki kwenye ncha haitoshi zaidi ya mtu mmoja mmoja. Chumba chako ni cha watu 14 kwa raha, 16 kwa kubanana. Ukitangaza 20, wanne watakula wakiwa wamekunja viwiko na ndio watakaosimulia mjini. Meza ya bafe usiithubutu humo ndani, iweke nje ya mlango.

Unguja nilijifunza njia ya kubana nafasi. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3 kwa upana, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti hazivuki zaidi ya hapo. Ukiweka viti pande zote mbili, mhudumu hapiti. Waliofaulu walijenga baraza ya kukalia ukutani upande mmoja, na mito juu yake, wakahudumia kutoka upande wa pili peke yake. Inapunguza njia moja nzima, inaongeza watu, na mito inanyonya mwangwi. Na wewe unaweza kuifanya hata kwenye mita 4. Jambo jingine la kuiba kwa wazee wa pwani: ndani ya zile nyumba za mawe za Lamu ukisimama mlangoni huoni ndani, njia inapinda kwanza. Kama mlango wako unaelekea kaunta, weka kizuizi cha mbao chenye nakshi hatua moja ndani, wapita njia wasihesabu nani amekuja na nani.

Taa: achana na zile nyeupe za buluu za K 6500 (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi), zinafaa duka la dawa. Chukua za K 2700 hadi 3000, zenye mwanga wa manjano, zinazopunguzika mwanga. Taa za rangi zinazobadilika kwenye dari najua unazitamani. Nyama chini ya taa ya kijani inaonekana imelala siku tatu.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinachotosha chumba cha kulala kitakushinda hapo. Mtu aliyekaa anatoa joto la kama wati 100, watu 16 peke yao wanakula karibu nusu ya nguvu yake, kabla ya jua la mchana na masufuria. Panda hadi 18,000, ukiwa na feni ya kutoa hewa nje, maana kiyoyozi cha kawaida kinazungusha hewa ileile na harufu ya samaki inabaki mpaka kikao cha kesho. Hakikisha jenereta inakibeba.

Sinki la kunawia liwe hatua chache kutoka mlangoni, watu wanakula pilau kwa mkono. Pima mlango pia: siku ya kuvunja kamati, ile sherehe ya wanakamati baada ya harusi, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) inaingia imebebwa, pembe na yote, inatafuta pa kupita.

Bei usiiite kodi. Kamati ya watu 15 itaagiza soda na maji, ikae saa tatu, na ukidai laki ya chumba wanahamia baa ya jirani. Weka kima cha chini cha matumizi ya chakula na vinywaji, chumba bure, kima kiwe kidogo Jumatatu hadi Alhamisi na kipande wikiendi. Kamati iliyozoea kukaa kwako ndiyo italeta sendofu au kuvunja kamati, na huko ndiko kuna faida.

Tuwekee hapa mambo mawili: dari yako ya sasa ni zege au bati, na upande wa jikoni mnachangia ukuta? Kama mnachangia, kuna suala la kelele za sufuria sijaligusa.