Viwavijeshi wametoweka shambani: wamejizika wakisubiri mwaka ujao?

Swali: Habari mtaalamu. Mwezi wa nne, siku chache baada ya mvua kushika, viwavi weusi walivamia malisho yangu hapa Rongai, Nakuru, kisha wakaingia kwenye mahindi machanga. Maharagwe yaliyokuwa katikati hawakuyagusa. Wiki moja baadaye walitoweka wote, karibu kwa siku moja. Jirani anasema wamejizika na watafufuka mwakani, kwa hiyo nitie dawa kwenye udongo. Baba naye husema viwavi hao huletwa na mvua. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mzee wako ndiye aliyekaribia ukweli, ingawa jirani naye ana kipande chake: kujizika walijizika. Hao ni viwavijeshi wa Afrika, *Spodoptera exempta*, na maharagwe yako ndiyo shahidi. Kiwavi huyu hula jamii ya nyasi na ndago: ukoka, mahindi, ngano, mtama, wimbi, mpunga, miwa michanga. Maharagwe atayapita hata akiwa na njaa.

Akishiba huingia ardhini sentimita mbili tatu tu, akawa pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo, wa kahawia anayeng'aa. Kulala huko ni kwa siku 7 hadi 12, si kwa mwaka. Kisha hutoka nondo wa kijivujivu, mwenye mabawa ya nyuma meupe yaliyochorwa mishipa myeusi. Usiku wa kwanza hupumzika mitini, na jioni zinazofuata hupaa na kwenda na upepo, wakati mwingine mamia ya kilomita. Kwa hiyo unapoisoma barua yangu hii, watoto wa shamba lako wamekwisha kuhama. Dawa ya udongo ungemwagia nyumba tupu.

Sasa wanatoka wapi? Kiangazi huwakuta wachache wachache kwenye nyasi za pwani ya Kenya na Tanzania, na kwenye baadhi ya nyanda za juu, kule ambako manyunyu huanguka hata nje ya msimu. Hapo kiwavi ni wa kijani au kahawia, anajificha chini kwenye mashina ya nyasi, na unaweza kumpita kila siku usimwone. Mvua za vuli zikianza, nondo waliotawanyika angani huchukuliwa na upepo mpaka penye dhoruba. Pepo zinazokutana pale huwakusanya, wakashuka kwa wingi mahali pamoja. Jike huhitaji kunywa maji ndipo mayai yake yakomae, na mvua humpa maji hayo pamoja na nyasi changa za kulea wanawe. Hutaga mayai kwa mafungu ya mamia na kuyafunika kwa manyoya meusi ya tumbo lake.

Viwavi wakianguliwa wakiwa wamebanana, wanageuka. Wale wale ambao wangekuwa kijani na wapole huwa weusi wenye mistari, hupanda juu ya majani mchana kweupe, hula kwa ulafi na kukua kwa pamoja. Ndiyo maana viwavi wako waliondoka karibu kwa siku moja. Kizazi huchukua kama mwezi. Mlipuko wa kwanza mara nyingi huwa Tanzania na mashariki mwa Kenya kati ya Novemba na Januari, halafu vizazi vinavyofuata husukumwa na upepo kuelekea Bonde la Ufa, magharibi na hata Ethiopia. Hao uliowaona Aprili huenda ni wajukuu wa nondo walioanzia mbali sana na Rongai.

Kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye kukagua. Mvua kubwa ikinyesha baada ya ukavu, hesabu siku nne tano, kisha piga magoti kwenye ukoka asubuhi na uutenganishe kwa vidole. Viwavi wadogo hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga. Ukiona hivyo, mwite afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo. Wakati huo dawa ina maana. Sehemu kubwa ya ulaji hufanyika katika hatua ya mwisho, lakini wakishafika sentimita tatu na kuanza kushuka chini, kunyunyizia ni kutupa pesa. Ukiwakuta wananing'inia kwenye ncha za nyasi, wamelegea na kuwa maji ndani, wamepigwa na virusi vyao wenyewe. Waache. Korongo nao wakishuka shambani, usiwafukuze.

Usichanganye na kiwavijeshi vamizi aliyetoka Amerika na kuripotiwa Kenya mwaka 2017. Huyo hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia, na hukaa na wewe msimu mzima. Dawa na mbinu zake ni nyingine.

Moja hukuuliza, lakini una ng'ombe: usiwarudishe mara moja kwenye ukoka ulioliwa. Mifugo imewahi kufa kwenye malisho ya namna hiyo, na ukoka unaochipua upya hushukiwa kuwa na sumu ya sayanidi. Wape nyasi za kukata kutoka kwingine mpaka malisho yakue vizuri, na umwulize daktari wa mifugo kabla ya kuwafungulia.