Mdogo wangu uliyeniandikia saa 9 usiku

Juzi nimepata ujumbe wa binti wa mwaka wa kwanza chuoni: "Dada, chumbani tupo wanne lakini siongei na mtu. Nipo TikTok mpaka alfajiri, vipindi vinanipita." Umeingia saa 9 usiku. Nimeusoma nikalia.

Mwaka 2016 nilitoka Songea na begi moja, nikashuka Ubungo, Dar es Salaam, kuanza chuo, simjui mtu. Wenzangu watatu chumbani walisoma sekondari moja, stori zao zote za huko. Nikaona simu ndiyo inayonielewa. Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, kitu cha kwanza bando la usiku, lile la kuanzia saa 6. Najifunika shuka gubigubi, kioo kinawaka humo ndani, nacheka na watu wasionijua. Wenzangu wakienda kula walinigonga mguu: "Twende." Najibu "nakuja" bila kuinua macho. Wiki ya tatu wakaacha kunigonga. Kisha nikagundua wana kundi la WhatsApp la chumba, la watatu. Mpaka leo linanichoma. Walinikosea, nalisema wazi.

Semista ile nilipata sapu tatu, yaani masomo matatu ya kurudia mtihani.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, aliandaa mwaka 1998 maswali 20 ya kupima uraibu wa intaneti. Moja linauliza unakosa usingizi mara ngapi kwa kukesha mtandaoni. Jingine, mara ngapi unachagua mtandao badala ya kutoka na watu. Kwangu yote mawili yalikuwa kila siku. Upweke ulinitupa kwenye simu, simu ikazidisha upweke.

Kilichoniokoa ni swali la takwimu. Msichana wa darasani alinikuta kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, nachaji simu, akaomba nimweleweshe. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Ikawa diskasheni ya kila siku saa 11 jioni, simu zote kwenye begi. Sapu nilizifuta, nikamaliza na GPA ya 3.9, na ninajivunia.

Kwa hiyo acha bando la usiku, nunua la mchana. Nenda kimbweta. Ukiitwa, nenda. Narudia: ukiitwa, nenda, hata kama huna njaa. Mdogo wangu, wale wa mtandaoni hawatakuletea uji ukiugua! Na kama usingizi umekataa kabisa, mwone mshauri wa wanafunzi, usione aibu.

Leo jioni wakivaa ndala kwenda kula, mdogo wangu, vaa na wewe zako. Halafu niandikie tena, ila iwe mchana.