Massey 135 iliyolala: anzia tangini, pampu kubwa iache mwisho

Trekta likishalala misimu miwili chini ya mwembe, likapigwa stata, likakohoa na kuzimika, neno la kwanza linalosikika ni "pampu imekufa". Pampu hufunguliwa pale pale juu ya gunia, na hapo ndipo inapokufa kweli.

Mara nyingi pampu haikuwa na kosa. Kosa ni maji, kutu na hewa, na vyote vitatu huingia kabla mafuta hayajaifikia. Kwa hiyo fuata njia ya mafuta yenyewe: tangi, koki, pampu ndogo inayoyavuta, filta, pampu kubwa inayoyasukuma kwa nguvu, na nozeli zinazoyanyunyizia ndani ya silinda. Anayeanzia katikati huifanya kazi mara mbili.

Maelezo haya ni ya Massey Ferguson 135 ya dizeli, yenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu na pampu kubwa ya CAV aina ya DPA. Matrekta hayo yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na nati zake nyingi ni za inchi. Tafuta spana za inchi kabla ya kugusa chochote. Spana ya milimita hula pembe za nati, na nati ya bomba iliyolika haikazi tena sawasawa.

Visiwani kwetu adui mkubwa ni unyevu. Tangi likiachwa nusu, hewa iliyomo hupoa usiku na mvuke wake hugeuka matone kwenye kuta. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pale koki inapochukulia mafuta. Baina ya maji na dizeli huota ukungu, ule utando mweusi wa kuteleza kama kamasi. Ukiuona, usidhani kubadilisha filta kutatosha. Filta mpya itaziba ndani ya siku ya kwanza ya kuburuga.

Livue tangi. Mwaga mafuta ya zamani yote, wala usiyarudishe hata kama yanaonekana safi. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha tia ndani mnyororo mwembamba wa kiasi cha mita moja, ulitikise kila upande mpaka maganda ya kutu yaachie. Kwa kutu iliyoshika, tia lita tano za siki na uligeuze tangi upande mmoja hadi mwingine kila baada ya saa chache, kwa siku moja au mbili. Suuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji matupu, lianike juani mdomo ukiwa wazi, na likikauka tu tia lita moja ya dizeli safi uizungushe. Ukiliacha kavu mpaka kesho litashika kutu upya. Hakikisha mnyororo umetoka wote.

Tangi lililotoboka usilipeleke kuchomelewa. Mvuke uliobaki ndani ya tangi tupu hulipuka, hata likiwa limekaa mwaka mzima bila mafuta.

Fungua koki uangalie kichujio chake cha wavu. Mara nyingi kimeziba nusu. Kisha kifuniko cha tangi: kina tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na matope, trekta hulima vizuri kwa muda, halafu huishiwa nguvu na kuzima, na likikaa kidogo huwaka tena. Legeza kifuniko likizima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, umeipata sababu bila kununua chochote.

Rudisha tangi, tia lita kumi za dizeli iliyotulia, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu ndogo na ufungue koki. Mafuta yatiririke bila kukatika. Yakitona tone moja moja, bado kuna uchafu nyuma.

Pampu ndogo, ile yenye mkono ubavuni mwa injini, ina chujio chini ya kifuniko chake. Lisafishe na ubadilishe mpira wake. Pampua kwa mkono. Ukihisi mkono hauna uzito kabisa, usiihukumu bado: huenda kamu, ile nundu inayozunguka ndani ya injini, imeisukuma hadi mwisho. Zungusha injini duru moja, ujaribu tena. Kinachochakaa humo ni dayaframu, ule utando unaovuta mafuta. Ikipasuka, dizeli huteremka kwenye oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili: kama kiwango kimepanda na oili inanuka dizeli, usiwashe injini mpaka umebadilisha dayaframu na oili yote.

Kwenye filta, elementi inayotumika ni CAV 296, nayo huuzwa pamoja na mipira yake. Kosa linalosumbua watu wengi liko hapa. Mpira wa zamani hubaki umeganda juu kwenye kichwa cha filta, unafanana rangi na chuma, fundi anaweka mpya juu yake. Mipira miwili haikai sawa, hewa inapita, na trekta huwaka dakika mbili na kuzima. Pitisha ukucha kwenye mfereji wote kuhakikisha uko mtupu. Usitumie gundi ya gasketi mahali popote penye mafuta. Vipande vyake hubanduka na kwenda kukaa mbele. Washa za shaba, zile pete za kuzibia viungo, ukikosa mpya, zichome mpaka ziwe nyekundu na uzitose majini, zitalainika na kukaza tena. Zile zinazokaa chini ya nozeli, hizo nunua mpya.

Sasa kutoa hewa, kazi inayotaka subira kuliko nguvu. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampua mpaka povu liishe na yatoke mafuta matupu, kaza huku ukiendelea kupampua. Nenda kwenye pampu kubwa: ina skrubu ndogo ya hewa ubavuni na nyingine juu ya kifuniko cha gavana, sehemu inayodhibiti mwendo wa injini. Anza na ya ubavuni, kisha ya juu, kwa mtindo ule ule. Halafu legeza nati za mabomba kwenye nozeli, vuta mafuta mpaka mwisho, hakikisha waya wa kuzimia umerudi ndani, na upige stata kwa sekunde kumi kumi mpaka mafuta yatoke pale. Kaza, washa. Ikigoma, rudia kuanzia kwenye filta. Hewa hubaki kwenye pembe.

Injini ikishawaka na kugonga au kutetema, funika nati za mabomba kwenye nozeli kwa kitambaa na ulegeze moja moja. Silinda ambayo mlio haubadiliki ukilegeza nati yake ndiyo yenye nozeli mbovu. Nozeli ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, atazame kama mnyunyizo wake ni mwembamba mfano wa ukungu na kama inadondosha. Shinikizo lake hupangwa kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye mwili wa nozeli, si kwa kukisia. Ukiirudisha, toa washa ya zamani ndani ya tundu. Zikikaa mbili, nozeli hupanda juu na moshi hautaisha. Wala usiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza. Mafuta hayo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linaweza kupoteza mkono. Ni la kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Pampu kubwa ivuliwe tu baada ya yote haya, mafuta yakiwa yanaingia safi bila hewa na hayatoki. Kabla ya kulegeza nati zake tatu, kwaruza mstari unaovuka flanji, ule ukingo wa pampu unaofungwa kwa nati, na mwili wa injini, ili irudi pale pale. Isifunguliwe shambani. Sehemu zake za ndani hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzikwaruza.

Likishakaa sawa, acha lifanye kazi nusu saa, pangusa viungo vyote vikauke, na urudi baada ya robo saa kutafuta pa unyevu. Saa kumi za kwanza za kazi zikitimia, fungua skrubu ya chini ya filta na utazame kinachotoka ndani ya glasi. Dumu la dizeli liache lisimame siku nzima kabla ya kumimina, na vidole vinne vya chini visiingie tangini. Jioni, kabla ya kulala, jaza tangi.