Mbwa Mwitu Darasani, Fisi Zizini

Swali: Shikamoo Bi Mwalimu. Nafundisha darasa la sita wilayani Pangani, upande wa kuelekea hifadhi ya Saadani. Nilisoma habari za mbwa mwitu waliorudishwa Marekani, nikaona zitafaa kwa somo la binadamu na wanyamapori kuishi pamoja. Nilipofundisha, mtoto mmoja akasimama akasema, "Wangeuawa wote tu. Fisi wametumalizia mbuzi." Kesho yake baba yake akaja shuleni kuniuliza kwa nini nawafundisha watoto kuwapenda wanyama kuliko wazazi wao. Niliache somo hili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiliache, na nakuomba sana usimwambie yule mtoto kwamba amekosea. Mbuzi watatu wakiliwa usiku mmoja, zimekwenda sare, madaftari na dawa za nyumba nzima.

Mnyama wa mbali ana faida yake: hakuna mwanafunzi wako ambaye mbuzi wao ameliwa na mbwa mwitu wa Yellowstone, ile hifadhi ya Marekani walikorudishwa, kwa hiyo wanaweza kumjadili bila hasira za nyumbani. Waonyeshe picha kwanza, la sivyo watamchanganya na mbwa mwitu wetu wa Mkomazi, yule wa mabakamabaka na masikio ya duara.

Kisha wape kisa kizima. Yellowstone mbwa mwitu waliuawa wakaisha kufikia 1926, na waliowaua walikuwa watu wa serikali. Mwaka 1995 na 1996 serikali hiyohiyo ikaleta mbwa mwitu 31 kutoka Kanada. Kulungu wakubwa wa kule waliokuwa wamezidi wakapungua, na mierebi, miti wanayoila, ikachipua upya sehemu kadhaa. Hapa ndipo somo huharibika, kwa sababu husimuliwa kwamba mbwa mwitu waliponya bonde zima. Wanasayansi bado wanabishana, maana dubu, wawindaji na ukame navyo vilichangia kupunguza kulungu. Mtoto wa darasa la sita anauweza ukweli huo.

Halafu mtaje mfugaji anayepakana na hifadhi ile. Ndama wake akiliwa akaisha, hana mzoga wa kuonyesha, na bila mzoga kupata fidia ni shida. Huyo na yule baba wangeelewana haraka sana wakikutana! Kwetu kuna kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, kwa kanuni zilizotungwa 2011. Waagize watoto wawaulize wazee wao nani amewahi kulipwa na alisubiri muda gani. Majibu watakayorudi nayo yatakuwa somo la siku nzima.

Yule baba mwalike, lakini aje kueleza, asije kuhutubiwa. Akiridhia, wapeleke watoto zizini kwake asubuhi. Watafute fisi alipitia wapi: mahali miiba imenyauka ikashuka hadi usawa wa goti, udongo uliofukuliwa chini ya ua, manyoya yaliyonasa. Wapime kwa rula, waandike. Mkiwa palepale, waeleze wenzetu wanavyofanya. Ulaya kuna mbwa wakubwa wanaolelewa na kondoo tangu wakiwa watoto, wanalala nao na kuwalinda. Wengine huzungushia kamba zenye vitambaa vyekundu, na mbwa mwitu huogopa kuzipita kwa wiki kadhaa mpaka azoee. Simanjiro kuna wafugaji wanaofunga waya kwenye miti hai iliyopandwa kuzunguka boma, kwa hiyo nguzo haziozi wala haziliwi na mchwa. Kisha waulize: lipi lingefaa zizi hili, na nani alilipie? Hapo kwenye malipo usiwakimbize. Ugomvi mwingi wa mbwa mwitu, Marekani na Ulaya, ni wa watu kwa watu: mmoja anafurahi mnyama yupo, mwingine ndiye anayelipa kwa mifugo yake.

Ngano nazo zina nafasi. Watoto wa Ulaya wamelelewa wakimwogopa mbwa mwitu, kama wetu wanavyosimuliwa fisi mlafi na wachawi wanaompanda usiku. Kipindi kimoja kinatosha.

Kuna jambo moja usiliruke. Milima ya Bale, Ethiopia, ina mbwa mwitu wa Ethiopia, ndugu wa wale wa Yellowstone, si yule wa mabakamabaka. Waliokomaa nchi nzima hawafiki 500. Wanakula panya zaidi, na moja ya hatari zao kubwa ni kichaa cha mbwa wanachoambukizwa na mbwa wa wafugaji, ndiyo maana mbwa wa vijiji vya kule wanachanjwa. Wafundishe watoto wako kwamba akiwauma mnyama, awe mbwa au fisi, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, wasianzie kwa mganga. Na kuhusu chanjo ya mbwa wa kijijini kwenu, muone afisa mifugo wa kata, umwombe aje siku ileile mtakayokwenda zizini.