Maswali Yenu: malloc Imetoka Wapi na Mi Sijaiita?

SWALI: Habari fundi. Nina kachipu ka STM32F030F4, flashi KB 16 na RAM KB 4, kanasoma sensa ya joto na kutuma namba kwa serial. Fimwea ilikuwa inaingia poa na nafasi inabaki, sasa jana nimeongeza mstari mmoja tu wa sprintf (ile ya kupanga maneno na namba kwenye maandishi) wenye %f ili joto lionekane na desimali, linka, ile inayounganisha vipande vya programu, ikaanza kulalamika haiioni _sbrk. Nikaambiwa hayo ni mambo ya malloc, ile ya kuomba memori programu ikikimbia, lakini mi sijaandika malloc popote, nimetafuta kwenye faili zote hakuna! Nikakopi _sbrk ya mtu nikabandika, kelele ikaisha, sasa inasema flashi imejaa. Hivi vitu vinaingiaje bila kuitwa?

JIBU: Pole ndugu yangu, ila vimeitwa, tena na wewe mwenyewe. Ule mstari wa sprintf kwenye newlib, ile laibrari ya C inayokuja na GCC ya ARM, unaleta vfprintf ya ndani, hiyo inaleta dtoa ya kugeuza desimali kuwa herufi, dtoa inaomba memori kwa malloc, malloc nayo inamuuliza _sbrk, mgawaji wa RAM iliyobaki, na huyo ndiye alitakiwa aandikwe na wewe. Na usidhani ukifuta %f ukabakiza %d mambo yameisha, maana ile %f inasomwa programu ikishaanza kukimbia, linka yenyewe haisomi maneno yaliyo ndani ya nukuu, inaona jina sprintf tu basi inabeba ukoo mzima. Ndiyo maana hata --gc-sections, ile amri ya linka ya kufuta visivyotumika, haikusaidii hapa, inafuta kisichofikiwa na hivi vyote vinafikiwa.

Usinisadiki tu, weka -Wl,-Map=ramani.map ujenge upya halafu fungua hilo faili, pale mwanzoni kabisa kuna orodha ya kila kipande kilichotolewa kwenye laibrari na nani alikiomba, jina la kitu kilichoombwa liko kwenye mabano. Anza na malloc urudi nyuma hadi ukutane na main.o yako, yaani kodi yako ikishakompailiwa. Angalizo moja, na mimi hili lilishanipotezea usiku mzima: pale anaandikwa mwombaji wa kwanza tu, ukimwondoa huyo anaweza kuibuka mwingine aliyekuwa nyuma yake. Ukitaka wote ongeza -Wl,--cref, inaorodhesha kila jina na wanaolitumia.

Dawa sasa. Mi ningeacha kabisa desimali, joto liweke kama sehemu za kumi, yaani 24.5 inakuwa 245, unagawa kwa 10 unapata ya mbele na baki ndiyo ya nyuma, kafunksheni ka mistari kumi unaandika mwenyewe. Alama ya hasi ishughulikie kwanza, maana -5 ukigawa kwa 10 unapata 0 na ile minasi imepotea, nusu nyuzi chini ya sifuri inageuka nusu juu. Ukitaka sprintf ibaki tumia --specs=nano.specs, ile newlib iliyopunguzwa, ni nyepesi sana, ila yenyewe haichapi %f mpaka uongeze -u _printf_float na hapo kilobaiti kadhaa zinarudi tena. Halafu Cortex-M0, kiini cha chipu yako, haina FPU (sehemu ya kupiga hesabu za desimali), ukiandika 3.3 bila f mwishoni hiyo ni double, desimali ya biti 64, na hesabu zake zote zinatoka libgcc, laibrari ya GCC yenyewe, washa -Wdouble-promotion uone zimejificha wapi.

SWALI: Natumia PlatformIO kujengea fimwea, laibrari ya WiFi inajengwa kila mara wakati nimeizima kwa #ifdef (kodi isomwe tu kama alama fulani imewekwa). Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu kitafutaji cha laibrari cha PlatformIO kwa kawaida kiko kwenye hali ya chain, kinafuata kila #include kinayoiona bila kujali #ifdef. Kwenye platformio.ini weka lib_ldf_mode = chain+, hiyo inajali #ifdef, na ile alama yako ya #ifdef ihamishie kwenye build_flags. Ikigoma, andika jina la laibrari kwenye lib_ignore.