Rangi kwenye terminali: grep iliniambia 0 siku 4 mfululizo

Umeuliza kwa nini skripti yako ya Python inatapika ←[31m kwenye Windows badala ya kuandika kwa nyekundu, na kama utumie maktaba au uendelee kuandika alama hizo kwa mkono. Mimi niliziandika kwa mkono, zikaniaibisha.

Hiyo unayoona ni amri kwa terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Inaanza na herufi namba 27 kwenye ASCII (orodha ya namba za herufi), isiyoonekana (kwenye Python ni \033), halafu bano na namba: 31 nyekundu, 32 kijani, 1 maandishi mazito, 0 kurudi kawaida. Mambo ya enzi za VT100, terminali ya 1978. Terminali inayoelewa inapaka rangi, isiyoelewa inakumwagia zilivyo.

Sasa yangu. Duka moja la vifaa vya umeme hapa Luthuli, Nairobi, lilitaka skripti ya kulinganisha malipo ya M-Pesa na risiti kila usiku. Yasipolingana:

print("\033[31mIMEFELI\033[0m risiti 1182")

Kwenye skrini iling'aa kama matatu ya Rongai. Nikaiweka kwenye cron (inayoendesha skripti yenyewe kwa saa uliyopanga) iandike kwenye faili, na asubuhi grep -c "^IMEFELI" ihesabu mistari inayoanza na neno hilo. Siku 4 mfululizo: 0. Mwenye duka alifurahi, mimi zaidi. Siku ya 5 mama wa kaunta akanijia na risiti mkononi: "Kijana, huyu alibeba mzigo. Pesa iko wapi?" Nikafungua faili kwa cat -v, inayoonyesha hata herufi zisizoonekana:

^[[31mIMEFELI^[[0m risiti 1182

Mstari haukuanza na I, ulianza na ile herufi isiyoonekana. grep haikuwa na kosa lolote.

Siku hizi natumia Rich, maktaba ya Python ya kupaka rangi. Console.print yake huangalia yenyewe inaandika wapi. Ikikuta ni faili, rangi inaziacha. Ila ina mitego. Ukiandika "[imelipwa] 1182", hilo neno la kwenye mabano linamezwa, kwa sababu Rich inadhani ni mtindo; weka markup=False. Na kwenye cron huvunja mistari mirefu ikifika herufi 80, kwa hiyo soft_wrap=True pia. Hili la pili lilinila Jumamosi nzima.

Kama unataka rangi mbili tatu tu, maktaba ndogo ya colorama inakutosha: ita just_fix_windows_console() mwanzoni mwa skripti na hiyo mishale itapotea. Lakini kuuliza sys.stdout.isatty(), yaani kama unaandika kwenye terminali au kwenye faili, kabla ya kupaka, hiyo ni kazi yako.

Na neno lenyewe usilitoe ukabakisha rangi. Niliwahi kujaribu vitone tu, ● ya kijani na ● nyekundu, nikaona nimebuni kitu. Karani wa pale hatofautishi rangi hizo mbili. Akaitazama skrini, akaniuliza mbona leo kila kitu kiko sawa.