UTI inayojirudia: dawa za asili zinasaidia wapi na zinaishia wapi

Wadada, naulizwa sana nilitumia nini mpaka UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikapungua kunisumbua, maana wengi tumechoka, unameza antibayotiki kama cipro leo, mwezi ujao mkojo unachoma tena.

Mnategemea nitaje mzizi fulani, lakini mi nawaambia maji kwanza. Kuna utafiti ulitoka 2018, wanawake 140 wenye UTI za kujirudia, nusu yao wakaongeza lita moja na nusu za maji kila siku juu ya waliyozoea kunywa, na kwa mwaka mzima waliugua karibu nusu tu ya walivyougua wenzao. Kwahiyo mi chupa haitoki kwenye mkoba hata nikiwa kwenye daladala, alafu sibani mkojo, hata choo cha kazini kiwe kichafu vipi.

Ya pili ni kranberi, katunda kadogo kekundu kachachu ka nchi za baridi. Hii inazuia wale bakteria, mara nyingi E. coli, wasigande kwenye ukuta wa kibofu, na uchambuzi mkubwa wa tafiti wa 2023 ulionyesha kwa wanawake wenye UTI za kujirudia inapunguza uwezekano kwa karibu robo. Ila inakinga, haitibu, ukishaanza kuumwa usiitegemee. Na zile juisi za supamaketi nyingi ni sukari, tafuta isiyo na sukari au vidonge. Rozela naipenda na nakunywa sana, ila rangi nyekundu isikudanganye, sio kranberi.

Kitunguu saumu kula kwenye chakula, lakini huko chini usiweke jamani, wala usijioshe ndani kwa sabuni au majani yoyote, unaua bakteria wazuri wanaokulinda na unaweza kuungua kabisa. Na kama shida ni kuwashwa na uchafu mzito mweupe kama mtindi, mara nyingi hiyo ni fangasi, dawa zake ni nyingine.

Sasa ukiona homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo upande wa mbavu, achana na majani, infeksheni inaweza kuwa imefika kwenye figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito ndo asisubiri kabisa hata kama ni kuchoma kidogo tu. Na kama inajirudia omba waoteshe mkojo maabara (kipimo cha culture), majibu yanachukua siku mbili tatu lakini yanaonyesha ni dawa gani inawaua hao wadudu wako, kuliko kununua vidonge vinne dukani kwa kubahatisha.